Mguu Ulioombewa

Orodha yao haikuandikwa popote. Ilikaa midomoni, nusu kwa Naisula na nusu kwa Elizabeth, na ili itoke yote ilibidi wawili hao wawe pamoja.

Ilianza msimu wa kahawa, mwaka ule alipozikwa Eliasi, mume wa Naisula. Kahawa haingoji matanga. Ilikuwa imeiva mpaka inadondoka chini, na Elizabeth, Mama Peter, jirani yake wa upande wa pili wa shamba, alikuja na kikapu chake bila kuitwa. Walichuma kimya asubuhi nzima. Elizabeth alikuwa mtu wa Machame aliyeolewa huku Akheri, Meru, na kimya kilikuwa hakimkai mwilini.

“Hivi wewe Mama Aminieli,” akauliza, “ungepewa mabawa sasa hivi, ungeenda wapi?”

Naisula alidhani atasema kwamba angemfuata Eliasi. Mdomo ukasema, “Yerusalemu.”

“Mimi Wittenberg. Nikauone ule mlango Luther alipogongomea makaratasi yake.”

“Na mimi tena Bahari ya Shamu. Nione upana wake, maana Musa aliwavusha watu pamoja na mifugo.”

“Na mimi Brazili.”

“Brazili kuna nini?”

“Si kila mwaka tukipeleka kahawa tunaambiwa bei imeshuka, Brazili wamevuna sana? Nataka niwaone hao watu uso kwa uso. Niwaulize kama hawachoki.”

Naisula alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, akaona aibu, akaziba mdomo kwa kanga.

Tangu siku hiyo, kila walipokaa na kazi ya mikono, kupukuchua mahindi ya kupikia loshoro kwa maziwa mgando au kumenya ndizi, Naisula aliita moja na Elizabeth akajibu moja, kama kiitikio cha kanisani. Yerusalemu. Mlango wa Luther. Bahari ya Shamu. Brazili. Kisha mahali penye theluji ya kukanyaga kwa mguu, maana ile ya Kilimanjaro wameitazama tangu utoto kama kitu kilichofungiwa kwenye kabati la kioo dukani. Japani, kunakotoka magari yenye maandishi yasiyosomeka. Roma, alikofungwa Paulo. Ukuta wa China. Mwisho walisema wote wawili kwa pamoja, Unguja, na hapo ndipo walipocheka zaidi, kwa sababu Unguja ni hapo tu na nako hawajafika.

Walijiwekea masharti. Anayetaja mahali lazima aseme sababu. Mahali pakishatajwa hapafutwi. Na hakuna kwenda bila mwenzake. Hilo la mwisho waliliombea kabisa, wamepiga magoti kati ya mibuni, na Naisula, ambaye hakuwa mtu wa kuomba kwa mchezo, aliliweka moyoni pale mtu anapoweka nadhiri.

Mpaka wa mashamba yao ulikuwa wa masale, yale majani marefu ambayo watu wa mlimani hupanda kuonyesha shamba linaishia wapi. Mahali pamoja kwenye ule mstari waliyang'oa wakapaacha wazi, upana wa mtu na kikapu chake. Hapo ndipo walipopita, huyu kwenda kwa yule, mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu.

Miaka ikaenda. Kisha usharika rafiki wa Ujerumani ukaandika kwamba unawaalika wanawake wawili, wakae huko majuma matatu, wapelekwe na kwenye miji ya Luther. Kikao cha Umoja wa Wanawake hakikuwa na mjadala. Nani hakuwajua wawili hao na nchi zao za mdomoni?

“Nendeni mtuletee theluji kwenye chupa,” wenzao wakawatania.

Wakashuka mjini pamoja kwenda Uhamiaji, wakapiga picha, wakakaa kwenye ngazi wakila mahindi ya kuchoma kama wasichana wa shule. Pasi ilipotoka, Naisula aliifunga kwenye nailoni akaiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Kutoka. Mambo mengine yote, barua na simu za Wazungu, yalipita kwa Elizabeth, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa katibu wa Umoja.

Mwezi uliofuata mkwe wa Naisula akajifungua kule Kikwe. Aminieli alikuja kumchukua mama yake siku ileile. Mzazi haachwi peke yake; mama mkwe ndiye humpikia mtori, humkanda kwa maji ya moto, humwogesha mtoto mpaka mama yake apate nguvu. Naisula akakaa huko, akazama kwenye kazi hiyo. Siku moja Elizabeth akampigia simu.

“Mwenzangu, usikimbilie kurudi. Wale Wazungu wameahirisha. Mpaka mwakani.”

“Kuna nini?”

“Si mambo yao ya ofisi. Wewe lea mjukuu.”

Naisula hata akashukuru. Alisema Mungu ana mpango wake, mtoto mwenyewe bado mchanga. Elizabeth akaitikia amina, taratibu, na simu ikakatika.

Alirudi Akheri Jumamosi. Kesho yake alivaa vizuri, akajitwisha mkungu wa ndizi wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mjukuu, akapanda kanisani. Aliingia amechelewa kidogo, akakaa nyuma.

Maombi ya siku hiyo yaliongozwa na Manase, mwinjilisti, kijana mnyoofu asiyejua hila.

“Tunawaombea wasafiri wetu,” alisema, “Mama Peter na mkwe wake Lesian, wanaotuacha wiki hii kwenda Ujerumani. Na tunamwombea mama yetu, Mama Aminieli, ambaye kwa maumivu ya mguu ameiachia nafasi yake kwa moyo mweupe. Bwana, uuguse mguu huo.”

“Uuguse,” likaitikia kanisa.

Naisula alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Aliitazama miguu yake ndani ya viatu vyeusi, mmoja baada ya mwingine, kama vile ingeweza kumweleza. Ni kweli, mguu wa kushoto uliwahi kuteguka, zamani, wakiteremka mtoni kuchota maji. Aliyeukanda kwa mafuta ya kondoo, asubuhi na jioni, mpaka ukarudi, alikuwa Elizabeth. Alipohitaji uongo, Elizabeth aliukuta palepale mikono yake ilipowahi kuponya.

Mbele, kwenye benchi la viongozi, kilemba cha Elizabeth hakikugeuka. Naisula alikitazama mpaka ibada ikaisha. Kusimama angeweza. Angesema maneno machache tu. Lakini asimame katikati ya maombi, amwite mtu mwongo mbele ya madhabahu, tena bila kumsikia kwanza? Hakuweza. Alikaa, akaimba wimbo wa kufunga mpaka mwisho.

Nje mnada ulikuwa umeanza, kama kila Jumapili: mayai, maziwa, kuku, ndizi, kila sadaka isiyo fedha inanunuliwa pale uwanjani. Naisula alipoinama kuusogeza mkungu wake mezani, wanawake wawili wakamdaka.

“Acha, acha. Na mguu huo?”

“Mguu wangu mzima.”

“Haya, mzima. Kaa hapa kwenye kiti.”

“Nimesema mzima, jamani.”

“Mwone anavyojikaza,” mmoja akamwambia mwenzake. “Mwanamke wa imani huyu.”

Aliondoka uwanjani anatembea ameunyoosha mgongo, anakanyaga sawasawa kushoto na kulia. Kadiri alivyonyooka ndivyo walivyozidi kumhurumia.

Hakuingia kwake. Alipita moja kwa moja pale penye uwazi wa masale. Uani kwa Elizabeth kulikuwa na sanduku la safari limeanikwa juani, na Lesian, mke wa Peter, akatoka mbio ndani. Alikuwa binti wa Kiarusha wa Sokon One, mchangamfu, mwenye adabu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Lesian akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi, na nguo yake ya kanisani. “Mama, sijui nikushukuruje. Mama Peter alinieleza ulivyosema, kwamba nafasi nipewe mimi nikaangalie vyuo vya uuguzi kule. Mtu baki hafanyi hivyo. Mama yangu mwenyewe amelia aliposikia.”

Elizabeth alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, ameshika sweta aliloanza kulikunja. Macho yake yalikuwa yanaomba. Hayakuwa yanaomba radhi. Yalikuwa yanaomba kimya.

Naisula akaona kwamba binti hakujua kitu. Angeweza kumvunjia furaha yake pale alipopiga magoti, na ingevunjika yote. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Lesian.

“Mungu akufikishe salama. Usome.”

Halafu akasema, “Mama Peter, nisindikize.”

Walitembea mpaka kwenye uwazi wa masale. Hapo Naisula akasimama.

“Mguu gani?”

“Mama Aminieli, nisikilize…”

“Nauliza ili nijue niuchechemeze upi. Watu wananitazama.”

“Viza imeshatoka. Hakuna cha kubadilisha sasa.”

“Sijakuomba ubadilishe. Nimekuuliza mguu gani.”

Elizabeth akatazama chini. “Wa kushoto,” akasema.

Naisula akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia, akaenda zake.

Wakaondoka. Watu walijaa uani kwa Elizabeth kuwaaga, wakaimba, na sauti zilifika jikoni kwa Naisula alipokuwa anachochea moto. Siku zilizofuata mayai yalimiminika. Huyu analeta mayai ya kuunga mguu, yule analeta mchuzi wa mifupa, mwingine analeta majani ya kuchemsha akae ameyafungia kwenye goti. Naisula alipokea, akashukuru, akasema hajambo. Kusema zaidi kungekuwa kumsema mtu aliye mbali asiyeweza kujibu, na hilo alifundishwa toka utotoni kwamba halifai. Lakini kunyamaza nako kulimchoma, kwa sababu alijua anakula mayai ya uongo. Aliyapeleka mengi kwa wajane wenzake.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuja wakati wa kazi. Ameketi anamenya ndizi, kisu kinakwenda chenyewe, mdomo nao ukasema wenyewe, “Yerusalemu.” Akangoja. Kuku akapita. Akasema, “Bahari ya Shamu.” Akangoja tena. Alijua kabisa jibu la katikati, angeweza kulisema, lakini halikuwa lake, na wakati huohuo mwenye nalo alikuwa amesimama mbele ya mlango wenyewe. Akatupa ganda, akachukua ndizi nyingine.

Alimwomba Mungu amwondolee uchungu. Hakumwomba amwadhibu Elizabeth. Alilikaribia ombi hilo mara kadhaa akageuka.

Ikafika siku mwinjilisti Manase akaja kumwombea nyumbani, na Biblia yake kwapani. Naisula akampa kiti na chai.

“Mama, nimekuja kuuombea mguu.”

“Kaa kwanza, mwinjilisti. Mguu wangu hauna ugonjwa.”

Manase akatabasamu uso mzima. “Bwana asifiwe. Ameugusa.”

“Hakuugusa. Haukuwa unaumwa.”

“Mama, unyenyekevu ni jambo jema, lakini uponyaji haufichwi. Jumapili nitakupa nafasi utoe ushuhuda.”

Naisula akamtazama kijana huyu kwa huruma. Kunyamaza alikuwa ameweza. Kusimama mbele ya usharika amshukuru Mungu kwa kazi ambayo Mungu hakuifanya, hapo alikuwa amefika ukingoni.

“Mwanangu, nimemwita Mungu tangu sijaota meno ya kutafunia. Sijawahi kumsingizia. Ushuhuda huo sitoi.”

Manase akaweka kikombe chini. “Sasa hii habari ya mguu…”

“Wewe uliipata kwa nani?”

Naisula alimwacha kijana afike mwenyewe kwenye jibu. Alifika polepole, na uso ukambadilika.

“Kwa katibu,” akasema.

“Basi akirudi muulize yeye. Akikuambia nilimtuma, njoo uniulize na mimi. Kunywa chai.”

Manase hakuomba siku hiyo. Aliinywa chai yote kwa heshima akaondoka ameinamisha kichwa.

Elizabeth na Lesian walirudi na masanduku mazito kuliko waliyoondoka nayo. Naisula hakwenda kuwapokea. Alisikia tu vigelegele, kisha siku mbili za wageni, kisha akamwona Manase akipita njiani kuelekea huko, na hakukaa sana. Haikufika saa moja Elizabeth akatokea kwenye uwazi wa masale. Alikuwa amevaa kanga ya nyumbani, hana viatu, na mbele yake, kwa mikono miwili, ameshika chipukizi la isale lililokatwa na shina lake.

Huko Machame na huku Meru, aliyekosa akija na isale mkononi haambiwi hapana. Watu wamesameheana mpaka damu kwa jani hilo. Anayelikataa, kosa linahama kwa mkosaji linakaa kwake. Naisula alilijua hilo, na Elizabeth alijua kwamba analijua. Ndicho kilichomuuma pale alipokuwa ameketi. Mwenzake angeweza kuja mikono mitupu aseme nimekukosea, akangoja jibu. Amekuja na kitu kisicho na jibu ila moja. Amechukua msamaha vilevile alivyoichukua ile nafasi, bila kuuliza.

“Karibu,” Naisula akasema.

Elizabeth akapiga magoti, akanyoosha mikono. “Nimekukosea, Mama Aminieli. Nimekuletea isale.”

“Naona.”

“Nilitaka Lesian apate mlango wa maisha. Nyumba ya Peter inayumba, huyo binti ndiye anayeishika. Nikaona nafasi ziko mbili tu.”

“Ungeniambia.”

“Ungekubali,” Elizabeth akasema, na sasa machozi yakamtoka ya kweli. “Hapo ndipo palipokuwa na shida. Ungesema, mpe Lesian, usiku ungelia peke yako, asubuhi ungenichekea. Na mimi ningekaa na wema wako maisha yangu yote, kila ninapopita hapa. Sikutaka kuubeba.”

Naisula alilisikia neno hilo likaingia mpaka mwisho. Alikuwa amejiandalia sababu nyingi za mwenzake, tamaa, woga, mkwe kumshawishi. Hii hakuiandaa. Kumbe hakunyimwa kwa kuwa alionekana mgumu. Alinyimwa kwa kuwa alijulikana ni mwema.

“Kwa hiyo ukaona bora niwe mlemavu,” akasema.

Elizabeth akalisogeza isale mbele zaidi.

“Mwinjilisti anasema wazee wa kanisa watalikalia jambo hili Jumamosi,” akasema kwa chini. “Nikiwaambia umepokea, hawatakuwa na neno.”

Naisula akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea isale kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. “Nimekusamehe mbele za Mungu. Waambie nimepokea. Lakini jambo la mguu ulisema kanisani, na kanisani ndiko utalirudisha. Mungu aliombwa bure.”

“Nitasema.”

“Haya. Inuka, chai ipo.”

Elizabeth alikunywa chai kwa pupa, kama mtu aliyetoka safarini sasa hivi. Moyo ulikuwa umemrudia. Akaanza kueleza habari za treni, na mkate mweusi, na wazee wa Kijerumani wanaolima maua badala ya mboga. Naisula alisikiliza. Alijizuia, akashindwa.

“Ule mlango je?”

“Ni wa shaba. Mweusi, maandishi mpaka chini. Ule wa mbao uliungua zamani, haupo.”

“Haupo?”

“Haupo. Nilisimama pale nikakuwaza. Nikasema, angekuwepo Mama Aminieli angecheka, tumeungojea mlango ulioungua.” Elizabeth akasogeza kigoda karibu, akachukua ndizi moja kwenye beseni na kisu, akaanza kumenya kama zamani. Kisha akasema kwa sauti ya kubembeleza, “Yerusalemu.”

Akangoja.

“Hiyo ni yangu,” Naisula akasema. Hakuikasirikia. Aliendelea na ndizi yake, na walizimenya zote mpaka beseni likaisha, na hakuna mahali pengine palipotajwa.

Jumapili Elizabeth alisimama akasema, kwa maneno machache, kwamba habari ya mguu aliitunga yeye. Watu wakageuka kumtazama Naisula, naye akatazama mbele. Lesian alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Ibada ilipoisha Naisula alimfuata binti huyo kwanza kabla ya mtu mwingine, akamshika mkono, akamwambia tena neno lake lilelile, usome.

Jioni yake alichukua jembe. Isale ni mti usio na makuu, ukilichomeka shina lake kwenye udongo wenye maji linashika. Alilitoa kwenye ndoo alikokuwa amelihifadhi, akaenda mpaka kwenye ule uwazi. Ardhi ilikuwa ngumu kwa miguu yao ya miaka mingi, na ilibidi apige kwa nguvu ndipo ikafunguka. Akalichomeka shina katikati, akalishindilia kwa mguu wa kushoto, akalimwagia maji.

Elizabeth alikuwa anapita na kikapu upande wake. Akasimama.

“Umelipanda hapo?”

“Hapo.”

“Si ulisema umesamehe?”

“Nimesamehe. Ndiyo maana sikulitupa.”

Elizabeth alilitazama lile isale, kisha akatazama njia inayopotelea chini ya udongo mbichi. “Sasa mimi nitapita wapi?”

“Barabarani,” Naisula akasema, akilisafisha jembe kwa kijiti. “Wanakopita wageni. Ukifika utabisha hodi, nami nitakufungulia.”